Njia Mbili katika Bustani ya Mayatima

Wamesimulia wazee wetu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mja mmoja aitwaye Dhakwani, fundi wa kutandaza mawe. Tangu ujana wake aliitamani Makka. Kila mahujaji waliporudi aliwaendea, akawashika mikono, akawaomba wamsimulie habari za Al-Kaaba, hata zile alizokwisha kuzisikia.

Uzeeni alipata kazi katika bustani ya mayatima, iliyosimamiwa na shangazi yao, Bibi Lubaba. Urefu wa bustani ulikuwa dhiraa arubaini na upana thelathini. Dhakwani alitandaza njia mbili zinazokatana katikati, moja ya kufuata urefu na nyingine upana, kila moja ikiwa pana dhiraa mbili, kwa ujira wa dirhamu moja kila dhiraa mraba. Akahesabu: njia ndefu themanini, fupi sitini, jumla mia na arubaini. Akalipwa. Kwa ujira huo nauli yake ya Makka ilitimia, na msafara ulikuwa unaondoka kesho yake.

Alipokuwa akifagia mawe alifika pale njia zinapokatana, akasimama. Mraba ule wa mbili kwa mbili aliutandaza mara moja tu, naye ameuhesabu katika njia zote mbili.

Akarudi kwa Bibi Lubaba. "Bibi, haki yangu ni mia na thelathini na sita. Hizi nne ni za watoto."

Bibi alijua habari ya msafara. "Wallahi, Dhakwani, zingekuwa zangu ningekuachia. Lakini ni mali ya mayatima, na mimi mwenyewe sina kitu."

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimezileta."

Kiongozi wa msafara hakukubali nauli pungufu. Asubuhi Dhakwani aliwasindikiza mahujaji hadi nje ya mji. Walipoleta talbiya, ile "Labbaika" ya mahujaji, naye aliitika, akabaki akitazama vumbi lao mpaka likatulia.

Mwaka uliofuata Mola alimjaalia. Alipoiona Al-Kaaba alilia sana, wenzake wakamuuliza ameomba nini.

"Sijaomba kitu," akasema. "Nilichelewa mwaka mzima ili nije bila yatima kunidai. Niacheni kwanza nitazame."

Ndugu zangu, mtu aweza kudhulumu hali uso wake umeelekea kibla. Mola atujaalie shauku isiyotupofusha.