Siku Arobaini kwa Chafya Moja

Kuku mmoja wa Kwamdoe alipopiga chafya, Bwana Mkingule, afisa wa mifugo, alitangaza kuku wote wa kijiji wachomwe moto, na atakayekula kuku afungiwe ghalani siku arobaini.

Alifika kwa Bi Semeni, mjane mwenye kuku kumi na mmoja, njaa ikimuuma. Bi Semeni akampakulia wali kwa mchuzi wa nyama. Afisa alikula mpaka akalamba vidole.

"Mwanangu, siku arobaini si nyingi mno kwa chafya moja?"

"Ni chache, mama. Ugonjwa hauna mchezo."

"Basi nikufungulie ghala? Maana jogoo wangu aliamka anakohoa, sasa simwoni, na mchuzi umeumaliza wewe."

Afisa aliisukuma sahani mbali. "Mama, tusikuze mambo! Kikohozi cha kuku si tauni!"

"Niandikie hivyo, nimpelekee mwenyekiti."

Aliandika kwamba amri imefutwa, akagonga muhuri, akaondoka mbio na pikipiki yake.

Bi Semeni aliinama uvunguni mwa kitanda, akamvuta jogoo wake.

"Toka, baba," alimwambia. "Mgeni amekula sungura."