Kodi ya Kuitikiwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shimo.

La nani?

Ahaa! Swali hilo hilo ndilo lililowapeleka watu barazani. Sogeeni. Wewe uliyekaa upande wa moshi, vumilia; moshi nao una kazi yake katika hadithi hii.

Hapo zamani za kale, siku ambazo Muhanga alikuwa bado anatembea mchana kama watu wengine, palikuwa na uwanda uitwao Vumbi. Huko aliishi mjane mmoja, Bi Muhanga. Pua yake ndefu kama mchi, masikio yake marefu kuliko ya punda, chakula chake mchwa na chungu. Na kwa kuchimba, hakuwa na mpinzani. Shimo lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele alilala yeye. Cha nyuma, chenye mlango wake wa uani, kilikuwa cha bintiye.

Binti mwenyewe aliitwa Sikujua. Msicheke. Mama yake alipata mimba uzeeni, akadhani ni shibe ya mchwa. Mtoto alipochomoza, mama akapiga kelele, "Sikujua!" Mkunga akadhani ndilo jina, likabaki hilo.

Mwaka wa ukame vichuguu vilikauka. Sikujua akafunga safari kuwafuata mchwa kusini.

"Mama," alisema, "usihame. Mimi njia siishiki kwa macho, naishika kwa harufu ya mlango wetu. Nikirudi nikukute hapa hapa."

"Utanikuta hapa hapa," Bi Muhanga akajibu.

Mvua zikarudi. Mchwa wakarudi. Sikujua hakurudi.

Basi kila jioni Bi Muhanga alisimama mlangoni akaita, "Sikujua! Sikujua! Sikujua!" Kisha akatega masikio. Na masikio makubwa kiasi kile yana adhabu yake, jamani: yanasikia hata kimya.

Siku moja akaja Bwana Ngiri. Mnamjua Ngiri: hula amepiga magoti. Uwanda mzima ulikuwa ukisema, "Mcha Mungu yule, hata chakulani hasahau sala." Aliyemtazama vizuri angeona kwamba shingo yake ni fupi tu. Lakini nani hutazama vizuri akishaona magoti?

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Una shida gani?"

"Natafuta chumba, Mama. Mimi mtu wa ibada, sina makuu. Nitajie kodi yako."

Bi Muhanga akatazama chumba cha nyuma. Akatazama njia ya kusini. Akasema, "Kodi sitaki. Ila jioni nikimwita binti yangu, wewe uitikie."

"Niitikieje?"

"Abee, Mama."

"Hiyo tu?" Ngiri akacheka mpaka pembe za mdomo wake zikagusana na masikio. "Nitaitikia mpaka uchoke, Mama."

Akaingia chumbani kinyumenyume, matako mbele, uso nje.

"Mbona unaingia hivyo?"

"Heshima, Mama. Siwezi kumpa mgongo mzazi."

Jioni ile Bi Muhanga akasimama mlangoni. "Sikujua!"

"Abee, Mama!" Sauti nzito kama gogo linaloburutwa.

Kanga, jirani asiyepitwa na jambo, akaangua kicheko kichakani. "Shoga! Mwanao kashikwa na mafua?"

Bi Muhanga hakujali. Alilala usiku kucha bila kugeuka, mara ya kwanza tangu ukame.

Sasa sikilizeni. Uwanda wa Vumbi ulikuwa umepiga marufuku kupika gongo, ile pombe kali, kwa kuwa masika yaliyotangulia gongo lilikuwa limezika watu na kupofusha wengine. Walinzi wa sheria hiyo walikuwa sungusungu, wale chungu weusi wadogo wasiochoka. Walipita shimo kwa shimo, wakinusa, wakikamata. Shimo moja tu hawakulikaribia. Nani angelikaribia? Mwenye nyumba angeweza kuwalamba walinzi wote kwa ulimi mmoja, na hata asishibe.

Ngiri alilijua hilo kabla hajapiga hodi.

Siku ya tatu Bi Muhanga akasikia harufu ya matunda yaliyochacha. Akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akainua mkono agonge.

"Abee, Mama?" Ngiri akawahi kutoka ndani.

Mkono ukashuka. "Nimesikia harufu."

"Dawa ya mgongo, Mama."

"Haya, mwanangu. Pona upesi."

Siku ya sita akasikia mlio: toko-toko, toko-toko. Akaenda mpaka mlangoni, akainua mkono agonge.

"Abee, Mama?"

Mkono ukashuka. "Nimesikia kitu kinachemka."

"Uji, Mama."

"Haya, mwanangu. Usikuunguze."

Siku ya tisa akaona moshi ukitoka mlango wa uani, na nyuma ya moshi akatoka Bwana Digidigi, yule paa mdogo sana, akipepesuka kwa miguu minne yote. Bi Muhanga akaenda mpaka mlangoni. Akainua mkono agonge.

"Abee, Mama?"

Mkono ukashuka. "Nimeona mgeni."

"Alikuja kusali, Mama."

Kusali! Bi Muhanga alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Lakini alijua kwamba akigonga mlango ule, jioni ataita na hakuna atakayeitika. Akarudi chumbani kwake. Akajifunika masikio kwa mikono.

Asubuhi Bwana Digidigi aliamka akamwuliza mkewe, "Mbona leo hakuchi?"

Na jua lilikuwa limeshapanda.

Sungusungu wakaja mbio, mistari kwa mistari, wakasimama mbali kidogo, mkuu wao akapaza sauti. "Bi Muhanga! Toka nje! Lakini funga mdomo kwanza!"

Ngiri aliwaona kabla hawajafika. Ndiyo faida ya kuingia kinyumenyume: siku ya kukimbia huna haja ya kugeuka. Alifyatuka mlango wa uani, mkia wima kama bendera. Nyuma kukabaki mtungi, mwanzi, majivu, na mwenye nyumba.

Baraza likakutana. Bibi Nyati, mkuu wa baraza, akaisoma sheria. "Mwenye shimo ambaye hakujua yanayotendeka humo, shimo lake libaki. Mwenye shimo aliyejua akanyamaza, shimo lake lifukiwe."

Lifukiwe! Bi Muhanga akageukia njia ya kusini. Harufu ya mlango itafukiwa. Sikujua akirudi ataikanyaga nyumba yao na kupita.

Kanga akajipenyeza karibu, akamnong'oneza. "Shoga, usijitie wazimu. Sema neno moja tu: sikujua. Umelizoea, unalisema kila jioni! Nani mwingine ana bahati ya kufanya mazoezi miaka yote hiyo?"

Bibi Nyati akauliza, "Bi Muhanga, ulisikia harufu?"

"Sikujua," akasema Bi Muhanga.

Watu wakaitazama ile pua. Wengine wakakohoa ili wasicheke.

"Ulisikia mlio?"

"Sikujua."

Watu wakayatazama yale masikio. Safari hii walicheka waziwazi.

Bibi Nyati akawanyamazisha kwa kwato. "Mleteni aliyeumia."

Bi Digidigi akaingia akimwongoza mumewe. Mume alikuwa anasikia watu wakiguna lakini hakujua ni wangapi wala wako wapi. Akageuza uso huku, akageuza kule.

"Uliona chochote?" Bibi Nyati akamwuliza Bi Muhanga mara ya tatu.

"Siku... sikujua," akasema, na sauti ikamkwama katikati ya neno, ikatoka vile vile inavyotoka jioni.

Bwana Digidigi akainua kichwa. "Sauti hiyo naijua! Si yule mama wa shimoni, anayemwita mwanawe?" Akamgusa mkewe kwa pua. "Waambie watu wanyamaze kidogo, mke wangu. Leo huenda binti yuko karibu. Pengine ataitika."

Hakuwa anakejeli. Hakuona baraza. Alidhani mama anaita.

Na watu wakanyamaza kweli. Kanga akanyamaza; hilo peke yake lingetosha kuwa hadithi. Uwanda mzima ukatega sikio.

Hakuna aliyeitika.

Bi Muhanga akasimama ndani ya kimya kile. Mara tatu ameliita jina la mwanawe, na mara zote tatu amelifanya uongo. Akimwita tena jioni hii, atakuwa anamwita nani?

"Bibi Nyati," akasema, "neno hilo ni jina la mtu. Nalirudisha mdomoni. Nilisikia harufu siku ya tatu. Nilisikia mlio siku ya sita. Siku ya tisa nilimwona huyu bwana akitoka kwangu anapepesuka, na mkono wangu nikaushusha. Nilijua."

"Shoga!" Kanga akapiga ukunga.

"Alikuwa anakulipa nini hata unyamaze?" Bibi Nyati akauliza.

"Alikuwa anaitikia."

Hakuna aliyecheka.

"Chumba ulikuwa nacho wewe," Bibi Nyati akasema taratibu, "mlango ulikuwa nao wewe, na pua ulikuwa nayo wewe. Ngiri atatafutwa. Lakini shimo lifukiwe."

Likafukiwa. Nyumbu walisukuma udongo, sungusungu wakajaza nyufa punje kwa punje. Toka siku ile anayebeba mzigo wa kosa alilolipika mwingine huitwa mhanga. Na mimi huongeza, maana wengi husahau: mhanga huyu wa kwanza mkono wake aliushusha mwenyewe.

Bi Muhanga alikaa juu ya udongo mpya. Jua likawa linateremka, saa yake ya kuita ikafika. Hakuita.

Bi Digidigi akaja peke yake, akasimama hatua tatu mbali. "Sikuja kukusamehe."

"Najua."

"Mume wangu alikuwa akiniamsha nione mapambazuko. Sasa mimi ndiye namwamsha, na sina la kumwonyesha." Chozi jeusi likamjaa pembeni mwa jicho. Hakulifuta. Aliinamia kijiti kilichokuwa pale mlango ulipokuwa, akalipaka nchani. "Naweka chozi kila baada ya vijiti vichache, naye hunifuata kwa harufu. Hajapotea hata mara moja."

Bi Muhanga akanusa kijiti. Ilikuwa harufu kali, isiyokubali kusahauliwa.

"Wewe utahamia wapi?" Bi Digidigi akauliza.

"Kusini."

"Basi chimba. Nitaweka kutoka hapa mpaka utakapochimba. Si kwa ajili yako. Mtoto hakupika gongo."

Bi Muhanga akachimba hatua mia kusini. Shimo lilipokwisha, akasimama mlangoni na kuita, "Sikujua!" Akatega masikio. Kimya. Akaliacha wazi, bila mlango, bila mpangaji, bila kodi, akaenda mbele, Bi Digidigi akiweka machozi nyuma yake, akachimba lingine. Akaita. Akatega masikio. Akaenda mbele.

Ndiyo maana mpaka leo Muhanga hutembea usiku, kuanzia ile saa ya kuita, wala hakai shimo moja, na ukipita nyikani utayakuta mashimo yake yakiwa wazi, kila mwenye shida akiingia bila hodi. Hata Ngiri huingia, kinyumenyume vile vile, bado anatafutwa. Na ndiyo maana ukitazama vijiti, utaona nchani tone jeusi la Digidigi, kijiti baada ya kijiti, likielekea kusini.

Naona midomo inawawasha. Mnataka kuniuliza kama binti alirudi. Ningeweza kuwapa jibu tamu, mkalale nalo. Lakini wenyewe mmesikia nini hupatikana kwa kuitikiwa na asiye mwenyewe.

Sijui kama alirudi. Najua kwamba vijiti havijakauka.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pasipo na mlango. Anayeitwa, na aitike mwenyewe.