Sufuria Mbele ya Nyumba Tatu

Kama una ndugu anayefungasha ili ahamie mbali, msomee hadithi hii kabla hajafunga begi la mwisho. Ni fupi, chai yake haitapoa.

Palikuwa na mwanamke mmoja Mnyamwezi aitwaye Kalunde. Aliishi Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, pamoja na mumewe Mihayo, binti yao Wande, na mama mkwe wake, Bi Nyamizi. Mihayo alikuwa dereva wa lori kubwa. Akiondoka leo, huonekana tena baada ya wiki mbili. Kalunde alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, na Wande alikuwa shuleni. Kwa hiyo mchana kutwa Bi Nyamizi alibaki peke yake na redio, akiijibu kila inaposema, ingawa hakujua inasema nini.

Siku moja ya baridi kali, Bi Nyamizi alitoka kwenda kutupa taka nyuma ya jengo. Akateleza kwenye barafu, akaanguka, nyonga ikavunjika. Jengo lile lilikuwa na madirisha arobaini yaliyotazama upande ule. Aliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna dirisha hata moja lililofunguliwa. Kalunde ndiye aliyemkuta aliporudi kutoka kazini, na ushungi wa mama ulikuwa umeanza kushikana na barafu.

Hospitali walimtengeneza, akapona kiasi cha kutembelea mkongojo. Lakini Kalunde hakuipata tena raha yake. Kila akikunja shuka kazini alikuwa akiyaona yale madirisha arobaini. Akajiapia jambo moja, na akamwambia mumewe waziwazi.

"Baba Wande, mama hatalala chini tena pasipo mtu kujua."

Daktari akashauri mgonjwa apelekwe kwenye joto. Mihayo akatafuta kazi, akaipata katika kampuni ya malori kwenye jimbo la Georgia, kule kusini ambako jua halibanii watu. Wakamwacha Wande kwa shangazi yake amalize muhula, wakafunga safari watu watatu kwenda kuchagua nyumba.

Huko walipokewa na dalali wa nyumba, Mkenya aitwaye Mutiso, mtu mcheshi aliyevaa tai hata kwenye jua la saa saba. Mutiso aliwapakia kwenye gari lake, akaanza kusifia vyumba na mabafu. Kalunde alikuwa amepakata kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na jiko dogo la gesi, sufuria moja yenye mfuniko, na chupa ya maji ya lita mbili; kigoda alikuwa amekilaza miguuni.

Mutiso akakichungulia kile kikapu kwenye kioo, akauliza kama wanakwenda kuangalia nyumba au wanakwenda kwenye harusi.

Kalunde akamweleza bila kucheka. Kwao Nzega, mkoani Tabora, mama yake alikuwa na tabia ya kuinjika maji ya ugali kwanza, ndipo amtume dukani kununua unga. Maji yakichemka kabla hajarudi, anakuta fimbo inamngoja. Kwa hiyo tangu utotoni alijua kupima mwendo kwa sufuria. Na kwa kuwa hajui kuendesha gari, kila atakapotaka kitu itabidi amwache mama peke yake, aende kwa miguu. Basi kila nyumba watakayofika, atainjika maji mlangoni, mama atakaa kuyatazama, naye atakwenda kutafuta unga. Nyumba itakayomrudisha kabla maji hayajachemka ndiyo watakayokaa.

"Mama Wande, hiyo sufuria tungeiacha Nzega," Mihayo akasema.

"Sufuria imekuja, na mimi nimekuja," Kalunde akajibu. Akakaza mshipi wa kiti.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kupendeza sana. Ilikuwa mpya, ya ghorofa, imezungukwa na majani yaliyokatwa sawa kama zulia. Mbele yake kulikuwa na bwawa na bata wawili wanaoogelea. Mihayo aliingia chumba cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, akatoka amechangamka kama bwana harusi. Alikuwa ameshachagua pa kuegesha lori.

Kalunde akawasha jiko mbele ya mlango, akainjika sufuria, akamkalisha Bi Nyamizi kwenye kigoda, mama akamshika nguo akiuliza atarudi lini, ndipo akashika njia.

Barabara haikuwa na njia ya kupitia mtu kwa miguu. Alitembea kwenye majani, akipita nyumba moja baada ya nyingine, zote zimefunga mapazia. Mlinzi wa mtaa akamfuata polepole kwa gari, akimwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi, mpaka akafika kwenye geti kuu. Duka lilikuwa bado halijaonekana hata paa lake. Akarudi. Sufuria aliikuta imekauka, chini imeungua.

Mihayo alicheka mpaka akashika ukuta. "Huku watu hawaendi kwa miguu, Mama Wande. Huku hata mbwa anapakiwa kwenye gari."

Kalunde alichukua mchanga, akaisugua sufuria mpaka ikang'aa, akaingia garini.

Nyumba ya pili ilikuwa ndani ya jengo la wapangaji kando ya barabara kubwa. Ilikuwa ya chini, haina ngazi ya kumsumbua mwenye mkongojo. Duka lilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Kalunde akainjika maji, akavuka, akanunua unga, akarudi. Maji yalikuwa hayajatoa hata povu la kwanza.

Mutiso akapiga makofi, akasema sufuria imetoa hukumu na hakuna rufaa. Akaweka mkataba juu ya boneti la gari, akachomoa kalamu. Mihayo, ingawa moyo wake ulikuwa umebaki kwa wale bata, akakubali. Kalunde akashika kalamu. Kisha, kwa adabu tu, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, wewe umepaonaje?"

"Ni pazuri, mwanangu," Bi Nyamizi akasema. "Nimekaa hapa, nimesalimia watu tisa."

"Wamesemaje?"

"Bado nawasubiri."

Kalunde akatazama lile jengo. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, kila mmoja na simu sikioni, wakimpita Bi Nyamizi kama wanavyopita nguzo ya umeme. Juu yao kulikuwa na madirisha. Hakuyahesabu. Aliweka kalamu chini.

Akauliza kama kuna nyumba nyingine.

Mutiso akalegeza tai kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema ipo moja, nje ya mji, lakini aliona aibu hata kuitaja. Ni ya mbao, ya zamani, rangi imebanduka, na duka la karibu liko umbali wa maili tatu. Mihayo akasema kwenda huko ni kuchoma mafuta bure, maana maili tatu hata mtoto anajua sufuria itasema nini.

"Nyumba zote zipimwe sawasawa," Kalunde akasema. "Tusije tukasema hatukuiona."

Wakaenda. Njia ilipita katikati ya misonobari mirefu, na udongo wa huko ulikuwa mwekundu. Bi Nyamizi alipoteremka aliinama kwa shida juu ya mkongojo wake, akachota udongo kidogo, akausugua kati ya vidole. Nyumba yenyewe ilikuwa kama Mutiso alivyoisema, ila alisahau kutaja kwamba mlango ulilia ukifunguliwa.

Wanaume walikuwa wamechoka. Walisema wanakwenda kutafuta chai, watarudi baadaye kumpa Kalunde pole. Gari likaondoka. Kalunde akainjika maji, akamkalisha mama kwenye kigoda pale mlangoni, akamsihi asisogee wala asijaribu kuinua kitu kizito, akashika njia.

Alitembea kwa hasira ya mtu asiyetaka kushindwa. Alipita kanisa dogo lililofungwa, akapita kituo cha mafuta kilichokufa siku nyingi, akapita misonobari, na baada ya misonobari akakuta misonobari. Jua lilimpiga utosini. Nusu saa ikapita, akajua maji yameshachemka na yameshaanza kupungua. Akasimama. Dukani kulikuwa bado mbali, na mama alikuwa peke yake.

Akageuka mikono mitupu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akipanga maneno. Atasaini ile nyumba ya pili. Watu wa pale hawaitikii salamu, lakini angalau atakuwa akikimbia dukani na kurudi upesi. Atakuwa yeye ndiye macho ya mama. Akipata kazi, ataomba zamu fupi. Atajifunza kulala kidogo.

Alipoikaribia nyumba alitazama mlangoni. Hakukuwa na mvuke. Hakukuwa na sufuria, wala jiko. Kigoda kilikuwa kitupu.

Akaita, "Mama!" Kimya. Akakimbilia nyuma ya nyumba, akitazama chini, kwenye majani, kwenye ngazi, kando ya pipa, kila mahali ambapo mtu anaweza kuwa ameanguka. Hakuna mtu. Akaita tena, na sasa sauti yake ilikuwa ya kulia.

Ndipo aliposikia kicheko. Alikijua kicheko kile, lakini hakuwa amekisikia tangu Tabora.

Kilitoka nyumba ya jirani, nyuma ya mistari miwili ya bamia. Kalunde akapita katikati ya bamia. Kwenye baraza la nyumba ile, kivulini, jiko lake dogo lilikuwa linawaka. Bi Nyamizi amekaa kwenye kiti cha bembea, mkongojo umeegemezwa ukutani. Mbele yake amesimama mwanamke mweusi mnene wa rika lake, amefunga kilemba, ameshika kipande cha siagi, anataka kukitia kwenye sufuria. Bi Nyamizi anamzuia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anasonga ugali.

"Mwambie huyu ugali hautiwi mafuta," Bi Nyamizi akasema alipomwona mkwewe. "Nimemwambia mara tatu, hasikii."

Kalunde akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Gari la Mutiso likarudi wakati uleule, na Mihayo, mwenye Kiingereza kizuri kuwazidi mkewe na mama yake, akawa mkalimani. Yule mwanamke aliitwa Bi Ernestine. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini, na sasa alikuwa amestaafu. Mihayo akamwuliza ilikuwaje.

Bi Ernestine akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nimeona mama mtu mzima amekaa juani peke yake, mbele ya nyumba isiyo na mtu, na moto mbele yake," akasema. "Mlitaka nikae ndani nifanye nini?"

Akaeleza kwamba alimwendea, wakasalimiana kila mtu kwa lugha yake. Bi Nyamizi akamwonyesha maji yanayochemka, kisha akasugua vidole juu ya sufuria kama mtu anayenyunyiza kitu. Bi Ernestine akaelewa mara moja. Kusini kule watu wanapika mahindi tangu enzi za babu zao, na kila jiko lina unga wake. Akaenda ndani, akarudi na bakuli limejaa. Kisha akalibeba jiko, akampa mgeni mkono, akamleta kivulini.

"Unga wenyewe ni wa yanga," Bi Nyamizi akasema, akiwaonyesha ile rangi ya njano. "Ule wa mahindi ya msaada tuliokula mwaka wa njaa. Nilidhani nimeuacha nyuma, kumbe ulinitangulia Amerika."

Mihayo alipomaliza kutafsiri, Bi Ernestine alicheka mpaka akaketi.

Mutiso, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake, akaona ni wajibu wake kukumbusha. "Lakini dada Kalunde, kipimo chako mwenyewe kimeikataa nyumba hii. Hukufika dukani."

Kalunde akanyanyuka, akajifuta uso kwa kanga.

"Ni kweli, mimi sikufika. Lakini unga umefika," akasema. "Siku nzima nilikuwa napima safari yangu mimi, na wa kupimiwa alikuwa mama. Unga tutanunua baba Wande akiwa nyumbani, na gari nitajifunza hata kama nitagonga hiyo misonobari yote. Lete karatasi."

Mihayo akafungua mdomo. Huenda alitaka kusema habari za vyumba vitano na bwawa. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa anakata tonge la kwanza na kumpa Bi Ernestine kiganjani, akimfundisha kulibonyeza kwa dole gumba. Akafunga mdomo, akamshikia mkewe kalamu.

Mkataba ulisainiwa juu ya mfuniko wa sufuria.

Ilibaki kurudi mjini kupeleka karatasi ofisini na kuchukua mizigo. Kalunde akamwendea mama mkwe wake, akamletea mkongojo, akanyoosha mkono amwinue. Tangu siku ile ya barafu, Bi Nyamizi hakuwa amekubali kuachwa mahali popote bila kumshika mtu nguo na kumwuliza atarudi lini.

Bi Nyamizi hakuinuka. Alijiegemeza kwenye bembea, akaisukuma kidogo kwa mguu.

"Nendeni mkamalize mambo yenu," akasema. "Mtanikuta."

Funzo: Unapochagua mahali pa kuishi, usipime tu jinsi wewe utakavyofika unakotaka kwenda. Pima ni nani atakayefika kwa yule unayemwacha nyumbani.