Damu ya Kulinganishia

Wahenga hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba ugonjwa uliofungiwa ndani hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kaburini. Mtafiti mmoja alikuja kulijua hilo maji yakiwa yamezidi unga.

Watu walimwita Mama Chembe, ingawa hakuwa na mtoto. Maabara yake ilikuwa nyuma ya wodi ya watoto, nyembamba kama ujia, friji zikinguruma mchana kutwa. Alitafiti magonjwa ya kurithi yanayouzuia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Kina mama walioleta watoto waliolegea kama kitambaa kibichi aliwaeleza kwa upole.

"Ndani ya kila chembe ya mwili mna majiko madogo sana. Mtoto hupewa majiko hayo na mama yake, na mama alipewa na mama yake. Yakiwa mabovu, mtoto hula lakini hapati nguvu. Kwa hiyo nikiuliza habari za ukoo wenu, msinifiche."

Nao hawakumficha.

Katika kazi ile, damu ya mgonjwa hulinganishwa na ya mtu mwenye afya, na Mama Chembe alizoea kutumia yake mwenyewe. Kilipoletwa kipimo kipya chenye macho makali zaidi, akaikuta dosari ya watoto wa wodini ndani ya damu yake. Ilikuwa ndogo, haijamdhuru.

"Mashine imekosea," alimwambia msaidizi wake. "Leo tutumie damu yako."

"Yangu ni chai tupu, mkuu," msaidizi akacheka huku akikunja mkono wa shati. "Lakini chota."

Alipobaki peke yake alirudia kipimo cha damu yake. Jibu halikubadilika. Akamwendea mama yake, akamuuliza habari za ukoo wao. Mama akasema, "Kabla yako nilizika wawili. Degedege."

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie ili iweje? Funika kombe mwanaharamu apite. Mdogo wako ndiyo kwanza kaposwa. Wakwe wakisikia, nani atamtaka?"

"Na akizaa, mama?"

"Kwani wewe ulipozaliwa ulikufa?"

Mama Chembe alijua kuliko mtu yeyote kwamba mwenye majiko mabovu machache huweza kuzaa mtoto mwenye mengi, lakini jibu hilo alilimeza. Harusi ikapita, mdogo wake akajifungua binti mchangamfu. Kila alipompakata, Mama Chembe aliipapasa shingo ya mtoto, akaiona imekaza, akajipa moyo. Atasema mtoto akianza kutambaa. Mtoto akatambaa. Atasema akisimama. Mtoto akasimama, na Mama Chembe bado ulimi mzito.

Kisha ikaja homa, na homa ikaleta degedege. Mdogo wake alimkimbiza mtoto zahanati ya jirani. Siku chache baadaye akaingia wodini, amembeba mtoto mwenye macho ya manjano kama ndizi mbivu.

"Wamempa dawa gani?" Mama Chembe aliuliza.

Mdogo wake akatoa chupa mkobani. Ilikuwa dawa nzuri ya degedege, yenye kuwafaa watoto wengi. Kwa mtoto mwenye majiko mabovu, huua ini.

"Mbona unaiangalia hivyo, dada? Daktari aliniuliza kwanza kama kwetu kuna ugonjwa wa kurithi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakuna. Nikamwambia dada yangu ndiye anayetafiti mambo hayo. Ungekuwapo, angeniambia."

Mama Chembe akawaita wauguzi. Walimtundikia mtoto dripu, wakafanya yote yanayofanywa, lakini ini lilikuwa limekwisha. Alifariki mikononi mwa mama yake kabla jua halijapinduka.

Daktari wa wodi, asiyejua kitu, akasema damu ya mama nayo ichukuliwe.

"Yangu ya nini?" mdogo wake akauliza.

"Ulicho nacho ndicho nilicho nacho mimi," alisema Mama Chembe.

"Umejua lini?"

"Kabla ya harusi yako."

Mdogo wake alimfunika mtoto uso taratibu.

"Wale kina mama wote uliwaambia wasifiche."

"Niliwaambia."

"Mimi nilikuwa nani kwako?"

Msaidizi alikuwa amesimama mlangoni na sindano mkononi. Daktari na wauguzi waliinamisha macho. Hakuna aliyekuwa amemshtaki Mama Chembe, wala hakukuwa na haja ya shahidi, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.