Mrija wa Ma Kokuhirwa

Hapo zamani, zamani ambayo migomba yake bado inazaa, palikuwa na kibuyu kimoja chenye mirija miwili.

Kibuyu kilikuwa cha Ta Rwezahura, mzee mmoja wa Kagera mwenye shamba la ndizi na maneno machache. Mrija wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa wa mkewe, Ma Kokuhirwa. Sasa kule kwao mwanamume hunywa na wanaume wenzake, na mwanamke hunywa anakojua mwenyewe. Lakini hawa wawili, kila alasiri, walikaa mlangoni, kibuyu katikati, vipaji vya nyuso vikikaribia kugongana, wakavuta rubisi, pombe yao ya ndizi. Majirani walisema. Wakasema tena. Ta Rwezahura akawajibu, "Midomo ni yenu, mirija ni yetu," na tangu siku hiyo wakatafuta wa kumsema mwingine.

Ma Kokuhirwa akafariki.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, na mzee akauchukua mrija wa mkewe akauchomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango. Kisha koo lake likagoma. Akiletewa rubisi, anavuta mara moja, anakiweka kibuyu chini. Akiletewa ndizi na maharage, zinapoa mbele yake mpaka kuku wanazipata. Akakonda, mkanda ukatafuta tundu jipya, ukalipata, ukatafuta jingine. Miezi miwili hivyo. Nyumba nzima ikaanza kutembea kwa kunyata, kama watu wanaoogopa kuamsha jambo fulani.

Siku moja akawaita waliokuwa nyumbani. Walikuwa watatu. Mutashobya, mwanawe wa kiume, mpika rubisi hodari kuliko wote kijijini, na anajua hivyo, na anakwambia. Asimwe, binti yake, aliyerudi kumuuguza, msichana wa huruma nyingi na haraka nyingi. Na Kemilembe, mke wa Mutashobya.

Akasema, "Wanangu, nakwenda. Sitaki kwenda, lakini nakwenda. Atakayepika rubisi ya kulifungua koo hili, mrija ule pale juu ni wake. Atakaa alipokaa mama yenu, kila alasiri, mpaka Mungu atakaponiita."

Mutashobya akautazama mrija. Asimwe akautazama mrija. Kemilembe akatazama chini, kwa sababu yeye alikuwa mkwe.

Nami nitakaa karibu na Kemilembe, maana moyo wake ndio ninaoujua. Kule kwao mke wa mwana humsalimia baba mkwe kwa magoti, hakai naye usawa mmoja, wala hatii mdomo kwenye chombo alichotilia yeye. Ndiyo heshima. Kemilembe aliishika miaka minane bila kuteleza. Lakini baba yake mwenyewe alikufa yeye akiwa tumboni, na kila alasiri, akitoka shamba la vanila, aliwaona wale wazee wawili mlangoni, akajiuliza kukaa na baba kunakuwaje. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani jambo kama hilo?

Hiyo vanila aliileta Ma Kokuhirwa. Alipanda mashina ya kwanza chini ya mibono, watu wakacheka kwamba bibi anapanda kamba. Akamfundisha mkwewe kazi yake, na kazi yake ni hii: ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na kule hakuna mdudu anayejua kuliozesha, yaani kulichavusha. Lazima uamke, uje na mwiba, uliozeshe kwa mkono wako kabla jua halijakolea. Ua lisiloozwa asubuhi, jioni liko chini. "Haya, bibi harusi," Ma Kokuhirwa aliliambia kila ua, moja moja, mia na ushei kila kunapokucha. Maganda yakikomaa huchovywa maji ya moto, hufungwa kwenye blanketi yatoe jasho, huanikwa, hurudishwa kwenye blanketi, wiki nyingi, mpaka yawe meusi na yanukie. Blanketi lilikuwa la Ma Kokuhirwa mwenyewe, la kahawia, la siku zake za uzazi.

Alipofariki, aliacha maganda tisa mtini, ya maua aliyoyaoza kwa mkono wake msimu wake wa mwisho. Kemilembe aliyachuma, akayatunza mbali na mengine. Hayo hakutaka yauzwe.

Basi, Mutashobya akaanza kazi. Akakata ndizi za pombe mikungu minane. Akaziivisha shimoni siku sita, si tano, si saba. Akazimenya kwenye mtumbwi wa pombe, ule wa gogo lililochongwa na babu yake, akaosha miguu, akatia majani, akakanyaga tangu umande mpaka jua la utosi. Togwa la ndizi likatoka tamu, akachuja, akatia mtama uliokaangwa na kusagwa, akaufunika mtumbwi kwa majani ya mgomba. Akasema, "Mkono wa mtu usiuguse mtumbwi huu mpaka kesho alasiri." Akaenda gulioni kutafuta chumvi na kusifiwa.

Kemilembe akaenda kwenye vanila yake. Asimwe akabaki.

Saa nane mbingu zikabadilika. Upepo ukatoka ziwani, ukaja na mvua ya mawe, ukayanyanyua majani ya mtumbwi ukayatupa huko shambani. Asimwe akatoka mbio. Kila mtoto wa kule anajua kwamba rubisi ikipigwa na baridi inasinzia, na ikisinzia haiamki. Akatafuta majani, yamechanika. Akatafuta mkeka, umelowa. Akaingia ndani, akalikuta blanketi la kahawia limekunjwa juu ya sanduku, akalikwapua, akatandaza juu ya mtumbwi, akalikandamiza kwa mawe, na yeye mwenyewe akalala juu ya ukingo, mvua ikimpiga mgongoni, mpaka ikapita. Haraka haraka haina baraka, watasema. Wasubiri kwanza.

Kemilembe akarudi ameloa chapachapa. Akaliona blanketi juu ya mtumbwi, akakimbilia pale. Maganda yake tisa yalikuwa kwenye mkunjo wa blanketi lile.

Asimwe alikuwa ndani akibadili nguo. Kemilembe akanyanyua pembe ya blanketi. Yale maganda yanaelea, meusi, membamba, yamezungukwa na povu. Angeweza kuyaokoa. Kuyaokota, kuyafuta, kuyaanika upya. Yangepungua harufu, lakini yangebaki. Akatia mkono. Na harufu ikapanda, harufu ya asubuhi zote zile, ya mikono ya mama mkwe, ya haya-bibi-harusi. Kemilembe akalia pale pale, wala si kwa siri sana. Kisha akasema, "Mama, kama umeamua kuingia, ingia." Akayakunja yakapasuka, akayazamisha chini, akafunika. Hakumwambia mumewe.

Kesho yake alasiri Mutashobya akafunua mtumbwi wake. Povu lilikuwa limetulia juu, zito na laini kama malai. Akafurahi. Akainama. Akanusa.

"Nani katia marashi kwenye pombe yangu?"

Akazunguka mtumbwi, akanusa upande wa pili.

"Nauliza! Rubisi ya babu yangu inanukia kama mwali!"

Asimwe akaanza kulia, akasema la blanketi. Kemilembe akapiga moyo konde, akasema la maganda. Mutashobya akashika kichwa. Kule kwao pombe iliyoharibika humwagwa kwenye shina la mgomba upesi, kabla jirani hajapata harufu na hadithi. Akaushika mtumbwi ncha moja, akauinua. Rubisi ikasogea mpaka ukingoni.

"Mume wangu," akasema Kemilembe, "onja kwanza."

"Nitaonja nini? Aibu?"

Lakini akachota kidogo. Akaonja. Akauteremsha mtumbwi polepole, akachukua kibuyu, akachuja, akakijaza. Wale wanawake wakamfuata nyuma. Akapiga goti mbele ya baba yake, akasema, "Tata, rubisi hii nimepika mimi. Ikiwa mbaya, ubaya wake ni wangu peke yangu."

Hapo, enyi mnaomcheka Mutashobya kwa majivuno yake, mmeze mate kidogo.

Mzee akatia mrija mdomoni. Akavuta. Akaacha. Asimwe akafumba macho. Mzee akavuta tena. Akavuta mara ya tatu, akaendelea, bila kupumua, mpaka kibuyu kikakoroma na kubaki kitupu. Akakiweka magotini, na machozi yakawa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Asimwe," akasema, "ndizi ziko wapi? Nina njaa."

Alikula sahani mbili. Ukiona kitu kama hicho unaogopa hata kukohoa. Aliponawa, akasema, "Mwaka wa kwanza wa vanila, mama yenu aliniomba ganda moja tu, alitie kwenye rubisi yetu. Nikamwambia, nikifa mimi ndiyo utie. Kila msimu aliniomba. Kila msimu nilicheka. Akafa yeye, na sikuwa nimemwonjesha alichokitaka." Akajifuta uso. "Leo nimekinywa. Nani amepika?"

Akasimama mwenyewe, bila mkongojo, akauchomoa mrija pale juu ya mlango. Kibuyu kikajazwa upya, wakamsimulia yote: mvua, blanketi, maganda.

Mutashobya akasema, "Tata, ndizi nilikata mimi. Nilizikanyaga mimi. Bila miguu yangu, blanketi lingefunika mtumbwi mtupu. Na nilipoiona imegeuka, niliinua mkono kuimwaga, nikaushusha. Nikaileta kwa jina langu. Mrija ni wangu."

Asimwe akasema, "Tata, bila mgongo wangu rubisi ingesinzia, na kaka angekuletea maji ya ndizi. Nilikosea blanketi, kweli. Lakini kama nisingekosea, ungekuwa umekunywa rubisi ile ile iliyokushinda miezi miwili. Kosa langu ndilo limekulisha. Mrija ni wangu."

Kemilembe akabaki magotini, nyuma yao. Mzee akamgeukia, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Na wewe?"

"Tata, mimi ni mkwe. Mwiko unanikataza."

"Mwiko ni wa nyumba hii, na mwenye nyumba ni mimi. Leo nimeuweka kando. Sema."

Kemilembe akasema, bado yuko magotini. "Tata, mume wangu na wifi yangu wamefanya kazi, siwapingi. Lakini yale maganda nilikuwa na uwezo wa kuyatoa. Ndicho kitu pekee cha mama nilichobaki nacho. Nikayaacha yaingie. Wao walitoa jasho, nami nilitoa kile ambacho sitakipata tena. Na kama utauliza nautakia nini mrija, Tata, mimi sijawahi kukaa na baba."

Asimwe akageuza uso. Mutashobya, miaka minane ndani ya nyumba moja na mkewe, alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo, akamtazama kama mtu aliyegundua chumba kipya nyumbani kwake.

Ta Rwezahura akaupeleka mrija kwa mwanawe, mkono ukasita. Akaupeleka kwa binti yake, ukasita. Akaupeleka kwa mkwewe, ukasita pale pia, kitambo kirefu zaidi, au labda ni mimi ninayempenda Kemilembe ndiye niliyeona hivyo.

Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyekaa pembeni yake, "Lakini aliyeiwaza ni yeye. Maua aliyaoza yeye. Blanketi ni lake. Hata niliyemkataza ni yeye. Je, nina ruhusa ya kuutoa mrija wake? Au niuchomeke kibuyuni, mahali pake, asivute mtu, na kila alasiri ninywe na nafasi yake, peke yangu?"

Na hapo ndipo ilipo shida, maana mzee anayekunywa peke yake ndiye yule yule aliyekuwa anakufa.

Mrija uko mkononi mwake. Rubisi iko kibuyuni, malai yake yanaanza kushuka, na ikikaa sana itachacha. Msinitazame mimi, mimi nilipewa hadithi, jibu sikupewa. Mnao Mutashobya aliyeikanyaga na kuibebea aibu. Mnaye Asimwe aliyeikosea ikawa dawa. Mnaye Kemilembe aliyeachia cha mwisho alichokuwa nacho, bado amepiga magoti, na magoti yanauma. Mnaye Ma Kokuhirwa, aliyeomba ganda moja kila msimu na hakupewa.

Haya, semeni, kabla povu halijaisha: mrija wa pili, nani alistahili?