Zimwi Mwenye Benki ya Moto

Hadithi iko mlangoni, niiingize? Iingize!

Palikuwa na zimwi, Mzee Fukuto, mwenye benki ya moto. Wahunzi, waokaji na wafinyanzi walimwekea makaa tumboni, naye akawakopesha wenye kazi. Siku moja uvumi ukazuka: "Fukuto anazimika!" Watu wakachota makaa yao, wakachota, wakachota, hadi zimwi akanywea kama paka na tanuri zote zikapoa.

Mwanatumu mfinyanzi, vyungu vyake vingali vibichi, akarudi na kaa lake.

"Shoga, umerogwa?" majirani wakamcheka.

"Kaa moja peke yake halitaniivishia kitu. Babu, fungua kinywa!"

Fukuto akameza, akacheua, cheche zikaruka juu ya paa. Waliocheka wakakimbilia kurudisha yao. Nyundo zikalia, mikate ikaumuka, vyungu vikatoka vyekundu, na jioni ile mji mzima ukapikia vyunguni humo. Mimi nimeshiba, nyinyi kombeni ukoko.