Kifaru na Mteremko wa Mama Kiboko

Ngano ije?

— Ije!

Ikija na mapembe?

— Tutayashika!

Thubutu! Mwenye kubisha abishe sasa hivi nimwone sura, maana mimi hadithi zangu hazina marudio. Palikuwa na kiboko aliyepunguzwa tumbo na kalunguyeye. Unacheka wewe wa nyuma? Cheka. Utanyamaza mwenyewe.

Basi Mama Kiboko alikuwa mzito. Alishafunga, wapi! Alishatembea, wapi! Alishakunywa majani machungu hadi ulimi ukawa kijani, wapi! Akilala, pumzi inakatika, kimya... halafu khrrr! Mwanawe akawa halali, anasikiliza kama mama bado anapumua. Hilo ndilo lililomuuma mama. Akamwendea Kalunguyeye, mdogo kama embe, fundi wa kushona kwa miiba yake mwenyewe. Chwi, chwi, chwi! Akalikata tumbo, akalishona, likabaki kama ndizi.

"Mama," Kalunguyeye akamwambia, "mimi nimefanya kazi ndogo. Kubwa ni yako. Kula kidogo, lakini kula. Usipokula utaanguka."

Kila asubuhi Mama Kiboko akajiwekea bakuli la dengu. Kila asubuhi jirani yake Kifaru akaja, du! du! du!

"Shemeji, tumbo si limekatwa? Chakula cha nini tena?" Fyuu! Bakuli tupu. "Halafu mvivu wewe! Wenzako wanakonda kwa jasho, wewe umetafuta mteremko."

Mama Kiboko akaliosha bakuli tupu. Aliona haya, moyoni alishaanza kujiuliza kama si kweli. Akawa anaona nyota mchana. Siku moja yuko njiani na mwanawe, akaanguka, puu! Mtoto akamshika sikio.

"Mama, inuka. Mama, usilale."

Kalunguyeye akasikia. Akaja tiki tiki tiki hadi mbele ya Kifaru, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Nasikia huo mteremko unaujua."

"Marahaba, kidudu. Huo? Nauteremka nimefumba macho!"

"Basi teremka naye leo tu. Anavyokula, ule. Anavyotembea, utembee. Ukiweza, bakuli lake ni lako maisha. Ukishindwa, hutaligusa tena."

Kifaru akacheka hadi pembe ikatikisika.

Kijiko kimoja. Tafuna, tafuna, tafuna. Kifaru akameza, gludu!

"Hujatafuna, mzee. Rudia."

Kijiko cha pili. Tafuna, tafuna, tafuna.

"Maji!"

"Bado, mzee. Maji na chakula haviendi pamoja."

Kijiko cha tatu. Mama Kiboko akaweka kijiko chini.

"Sasa tunaongeza?"

"Sasa tunatembea, mzee."

Wakalizunguka bwawa. Wakalizunguka tena. Upepo ukaleta harufu ya wali wa nazi kutoka harusini kwa Pundamilia. Mama Kiboko akameza mate, akaendelea kutembea. Kifaru akasimama. Pua ikacheza. Gidi gidi gidi! Alipokutwa, kichwa kilikuwa ndani ya sufuria.

"Mzee," Kalunguyeye akaiuliza sufuria, "vipi huo mteremko?"

Sufuria ikajibu: "Mteremko gani? Mlima huo, bwana!"

Mama Kiboko akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu ashonwe. Tangu hapo akala dengu zake hadi kijiko cha mwisho, na mwanawe akalala fofofo, mdomo wazi.

Ngano imeshiba, naifunika. Funzo? Kupunguzwa tumbo ni kazi ya wavivu, na ukimwona mtu kakonda mnyang'anye bakuli, hana haja nalo. Nani kabisha?

Haya, basi. Kuna kipande nimekiruka, nilitaka mumcheke Kifaru hadi mwisho. Kesho yake alfajiri alirudi. Bakuli hakuligusa. Alisimama tu, anachora chini kwa ukwato.

"Shemeji," akasema taratibu, "na mimi nikilala pumzi inakatika. Sikuwa na wa kumwambia."

Mama Kiboko hakumcheka. Alisogea pembeni mwa njia, pakapatikana nafasi ya wawili, wakaanza kulizunguka bwawa.